Elden Ring: jinsi ya kuipata Ritual Sword Talisman na kuivaa ikaongeza demeji kweli

Wadau wa gemu mambo vipi. Naandika hii nikiwa Nyegezi, Mwanza, kwa binamu yangu. Tangu nianze kucheza Elden Ring nimeipita njia ya hii hirizi mara tatu: ya kwanza kwa kubahatisha, ya pili kwa sababu umeme ulikatika ule usiku wa mvua kubwa ya kutokea ziwani na PS4 ilipokuja kuwaka sevu yangu ikawa haisomeki tena, yaani masaa yote yale yameenda, na ya tatu namwelekeza binamu mwenyewe hatua kwa hatua. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekipita kwa miguu yangu na nataka wewe uipite mara moja tu imalizike.

Kilichonisukuma hasa ni banda moja la gemu kule Mabatini. Pale wengi wanacheza mpira, ila kuna vijana kama watano wameingia kwenye Elden Ring na kila nikipita nawasikia wanalalamika kitu kile kile, napiga bosi hafi, napiga hapungui damu, panga langu bovu. Nikiwaambia fungua menyu nione hirizi ulizovaa nakuta nafasi ipo tupu kabisa au kavaa kitu ambacho hakiendani na anavyopigana. Mtu analipa hela yake kwa saa anamaliza saa nzima anakufa, inaniuma sana kwa sababu tatizo lake linatatulika.

Kwanza tuelewane kuhusu hirizi zenyewe. Kwenye hii gemu ya FromSoftware iliyotoka Februari 2022 hirizi, zile zinazoitwa talisman, unaanza na nafasi moja tu ya kuvaa. Ya pili unaipata ukimuua bosi Margit pale mbele ya Stormveil Castle, ya tatu ukishakuwa na Great Rune mbili, zile runi kubwa wanazoachia mabosi wakuu, unaenda kuongea na yule bibi Enia pale Roundtable Hold anakupa, na ya nne ni ukimpiga bosi Godfrey wa dhahabu ndani ya mji mkuu, Leyndell. Basi, jumla nne, hakuna ya tano. Kwa hiyo kila nafasi ni ya thamani, usivae kitu kwa sababu kina picha nzuri.

Ritual Sword Talisman inafanya kitu kimoja: damu yako ikiwa imejaa kabisa, nguvu ya mashambulizi inapanda kwa asilimia 10. Imejaa kabisa maana yake imejaa kabisa, ikipungua hata kidogo faida yote inaondoka, ukinywa chupa ikajaa tena faida inarudi. Hapo ndo watu wengi wanakosea na ntarudi kwenye hilo kwa kirefu kwa sababu ndo sehemu muhimu kuliko njia yenyewe.

Sasa njia. Hirizi ipo Altus Plateau, na kufika Altus kwa njia ya kawaida unahitaji kupanda ile lifti kubwa, Grand Lift of Dectus, na hiyo haipandi bila medali iliyogawanyika vipande viwili. Uzuri ni kwamba kwenye safari ya kutafuta hivyo vipande unaokota hirizi nyingine mbili za maana njiani, ndo maana napenda hii njia, hutembei bure.

Anzia Limgrave, lile eneo la mwanzo wa gemu, hakikisha ushapewa farasi, Torrent, bila yeye usianze. Nenda Third Church of Marika, upande wa mashariki wa Limgrave, washa kituo pale (kile kimwanga cha dhahabu ambacho unapumzikia mimi nakiita kituo), na ndani ya kanisa chukua ile chupa ya kuchanganya dawa, Flask of Wondrous Physick, kama ulikuwa hujaichukua. Kumbuka hilo kanisa, tutarudi.

Kutoka hapo shuka kusini uingie kwenye msitu wa Mistwood. Katikati kuna magofu, Mistwood Ruins, na pale anaishi dubu mkubwa sana, Runebear. Usipigane naye, narudia usipigane naye, mimi mara ya kwanza nilijiona mjanja akanimaliza kwa mapigo mawili. Shuka kwenye farasi, chuchumaa, nyata taratibu mpaka uone ngazi za kwenda chini ya ardhi, chini kuna sanduku lina Axe Talisman. Hii inaongeza asilimia 10 kwenye vile vipigo vya kushikilia kitufe cha R2 mpaka mtu wako avute silaha nyuma ndo anaachia. Kama unatumia upanga mkubwa wa mikono miwili au nyundo, hii ni ya kwako. Chukua toka.

Endelea mpaka Fort Haight, kusini mashariki kabisa mwa Limgrave. Kuna kituo kabla ya ngome, kiwashe. Ndani kuna askari na shujaa mmoja wa Godrick ambaye ukimuua anakuachia Ash of War, yaani kipigo maalum cha kuweka kwenye silaha, inaitwa Bloody Slash, nzuri tu ila kwenye mpango wetu wa leo haifai na ntasema kwa nini. Panda ngazi mpaka juu ya mnara, fungua sanduku, kipande cha kushoto cha medali hicho.

Sasa rudi Third Church of Marika kwa kuruka na ramani. Nyuma ya kanisa, upande wa mashariki, fuata vichaka utakuta mlango wa kichawi umejificha, unang'aa bluu. Ingia. Utatokea mbali kabisa, Dragonbarrow, karibu na Bestial Sanctum, na mbele ya hilo jengo kuna jitu kubwa jeusi lenye mabawa, Black Blade Kindred. Kama levo yako ni ndogo usimsogelee kabisa, ita Torrent, elekea kusini, kimbia. Utakutana na daraja refu na joka limekaa pale linatema moto, we usisimame, pita pembeni kwa kasi, ukivuka kuna kituo, Farum Greatbridge, kiwashe upumue kidogo. Ukifa sasa hivi unaanzia hapo hapo, hurudi nyuma.

Toka hapo shuka mpaka uone joka jeupe kubwa limelala chini kama kilima, yule ni Greyoll, hatembei. Ngome iliyo karibu yake ndo Fort Faroth. Ndani kuna giza na popo wengi, ni wale popo wakubwa wenye sura ya watu, na mmoja wao anaimba, ukisikia anaimba ujue umekaribia. Tochi ya bei rahisi inauzwa na Kalé, yule mfanyabiashara wa Church of Elleh, kwa runi 200 (runi ndo hela ya gemu, unazipata ukiua maadui na ndo za kupandia levo), inunue mapema. Watu wanaocheza kwenye TV za zamani ambazo mwanga umefifia, hii tochi ni lazima, binamu alikataa akawa anatembea anagonga ukuta na popo wanamla mgongoni.

Usijaribu kuwaua wote. Kimbia mpaka kwenye ngazi ya kupanda, panda juu ya paa, sanduku lina kipande cha kulia cha medali. Sasa kabla hujaruka kwenda kokote, hapo hapo juu ya paa tafuta sehemu iliyobomoka ambayo unaweza kudondokea chumba cha chini, dondoka taratibu, kuna maiti ina kitu kinang'aa, okota. Hiyo ni Radagon's Soreseal. Inakuongezea pointi 5 kwenye Vigor (damu), Endurance (pumzi), Strength (nguvu) na Dexterity (wepesi) kwa mpigo, pointi 20 zote hizo bila kutumia runi hata moja, ila inakufanya uumie asilimia 15 zaidi ukipigwa. Wengi wanafika ngome hii wanachukua medali wanaondoka hawajui kwamba hirizi ilikuwa chini ya miguu yao.

Unazo pande mbili. Nenda Liurnia. Kama hujamuua Godrick, bosi wa ndani ya Stormveil, unaweza kupita pembeni ya Stormveil, kuna kanjia kanazunguka ukingo wa mwamba mpaka unatokea ng'ambo, ila kwa maoni yangu muue kwanza Margit walau, kwa sababu ya ile nafasi ya pili ya hirizi, maana utakuwa na hirizi tatu mkononi na nafasi moja ya kuvaa, itakuuma roho. Liurnia lenyewe ni ziwa kubwa lina ukungu asubuhi, mi huwa nikiingia pale nakumbuka ukiwa Kamanga unasubiri kivuko na visiwa havionekani vizuri. Panda kaskazini kabisa kupitia Bellum Highway mpaka kwenye sanamu mbili kubwa zimeangaliana. Simama katikati, nyanyua medali, utapandishwa Altus. Kuna njia nyingine isiyohitaji medali, ya kupitia Ruin-Strewn Precipice ukapigane na joka la moto Makar mwishoni, ila ile ni ndefu na utaikosa Soreseal.

Altus sasa, kila kitu rangi ya dhahabu. Washa kituo cha kwanza unachokiona, alafu tafuta kituo cha Erdtree-Gazing Hill, magofu tunayoyataka yako karibu na hapo, yanaitwa Lux Ruins. Juu kuna vile viumbe vifupi vya demi-human, vikiwa vingi vinasumbua kuliko bosi mwenyewe, kwa hiyo vivute kimoja kimoja au pita katikati na farasi utafute ngazi za kushuka. Chini kuna mlango wa ukungu wa kuingia kwa bosi, Demi-Human Queen Gilika. Ni mrefu, mikono mirefu, anarukaruka. Kama ulipigana na wa aina yake kule Weeping Peninsula utamwelewa haraka. Kaa karibu na miguu yake usikae mbali, piga mara mbili toka, usiwe na tamaa ya kupiga mara ya tatu. Kwa silaha iliyopandishwa mpaka kama +10 hivi hachukui muda. Akifa, nyuma kuna sanduku, fungua, Ritual Sword Talisman yako hiyo.

Sasa kwenye kuivaa, na hapa naomba usome taratibu.

Binamu alipoipata tu akaivaa, akavaa na Soreseal kwenye nafasi ya pili, akatoka kwenda kupiga askari wa barabarani, akaniambia bro mbona namba ni zile zile. Nikasogea kwenye TV nikaangalia ule mstari mwekundu wa damu juu kushoto. Mwishoni kabisa mwa mstari kulikuwa na kipande cheusi chembamba, chembamba kama ukucha, ukikaa mbali hukioni. Kilichotokea ni kwamba Soreseal inaongeza Vigor, Vigor inarefusha mstari wa damu, lakini damu uliyonayo haiongezeki yenyewe, inabaki pale pale ilipokuwa, kwa hiyo mstari umerefuka na mwisho wake mtupu. Damu haijajaa. Ritual Sword imelala. Alitembea hivyo karibu nusu saa anaamini kavaa nguvu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: vaa zote kwanza, alafu kapumzike kwenye kituo au kunywa chupa nyekundu, ndipo uende kupigana. Ukibadilisha hirizi katikati ya safari rudia. Ukitumia Great Rune inayoongeza damu ni hivyo hivyo, washa kwanza, jaza baadaye.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako chukua adui mmoja wa kawaida, mpige kipigo kimoja kile kile ukiwa umejaa, soma namba inayotokea juu ya kichwa chake. Kapumzike afufuke, vua hirizi, mpige tena kipigo kile kile. Kama bila hirizi ilikuwa kama 300 na hirizi utaona kama 330. Ukivaa na Axe Talisman na ukapiga ya kushikilia R2 zinazidishana, 330 inakuwa kama 363. Hiyo 63 juu kila kipigo, kwa bosi anayehitaji mapigo thelathini, hesabu mwenyewe utapunguza mapigo mangapi.

Vitu vinavyoiua hii hirizi bila wewe kujua: sumu ikikupata damu inashuka kidogo kidogo na faida imeondoka. Kudondoka toka juu ukaumia, imeondoka. Ukitumia Ash of War ya Seppuku au hiyo Bloody Slash niliyosema, zinakula damu yako mwenyewe kila ukizitumia, ndo maana nikasema kwenye mpango huu haifai. Na ngao. Watu wengi wanajikinga na ngao ndogo isiyozuia asilimia 100 za kipigo cha kawaida, kwa hiyo kila wakijikinga wanapoteza damu kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuizima. Angalia kwenye maelezo ya ngao yako sehemu ya kinga ya physical, iandike 100. Brass Shield na Heater Shield zote zina 100, na ukianza kama Vagabond Heater Shield unayo tangu mwanzo. Uchawi na moto vinapenya hata hapo, vile viruke, usivikinge.

Kitu kingine ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni mizimu, zile Spirit Ashes. Ukiingia kwa bosi mwite msaidizi wako kwanza, hata mbwa mwitu watatu wale wa mwanzo wanatosha, bosi akiwageukia wao wewe unabaki umejaa na unapiga kwa nguvu kamili mgongoni. Kuita mizimu karibu yote kunakula FP, ule mstari wa bluu wa nguvu za kichawi, hakuli damu, kwa hiyo haiharibu chochote, ila Mimic Tear yenyewe inakula damu yako, kwa hiyo ukiita hiyo kunywa chupa ujae kwanza. Kuna kipindi watu wanasema kuita mizimu sio kucheza kiume, mi sikubaliani kabisa, watengenezaji wameiweka humo uitumie, na mtu mwenye saa moja ya kucheza kwa siku ana haki ya kuitumia vizuri.

Kuhusu kuvaa pamoja, huu ndo mtazamo wangu baada ya kujaribu. Ukiwa na nafasi mbili na levo yako iko chini ya 60 vaa Ritual Sword na Soreseal, pointi zile 20 bado ni nyingi kwako. Ukizidi hapo na bado unapigwapigwa, vua Soreseal, asilimia 15 za maumivu ya ziada kwenye mabosi wa Altus na kuendelea ni nyingi mno, weka Axe Talisman kama una silaha nzito, au kama mchezo wako ni wa kuruka na kupiga toka juu weka Claw Talisman, ile inapatikana Stormveil juu ya mapaa na inaongeza asilimia 15 kwenye mapigo ya kuruka. Anayetumia mapanga mawili ya kukata haraka haraka bila kusimama aangalie Winged Sword Insignia, unaipata Stillwater Cave pale Liurnia kwa kumuua Cleanrot Knight, yenyewe inapanda kadri unavyopiga mfululizo na haijali damu yako ikoje. Kuwa mkweli kwa nafsi yako hapa: kama wewe ni mtu wa kuingia na kubadilishana mapigo na bosi, unapigwa unapiga, Ritual Sword itakuwa imezima muda mwingi wa pambano na Winged Sword itakufaa zaidi. Ritual Sword ni ya mtu anayekwepa, anayepiga toka mbali, au mwenye mizimu mbele yake.

Na chupa zako zigawe upya. Ukiwa na hirizi hii chupa nyekundu ndo inayoiwasha tena, kwa hiyo usinywe tu ukikaribia kufa. Ukipata upenyo na umepungukiwa kidogo, kunywa ujae, alafu ndo urudi kupiga. Mwanzoni utaona unapoteza chupa, lakini jaribu mabosi wawili watatu hivyo uone.

Kwa wanaocheza majumbani ambako umeme unakatika: gemu inajisevu yenyewe, ukikatika katikati ya bosi kwa kawaida utajikuta nje ya ukungu unaanza naye upya, hiyo sio shida. Shida ni pale konsoli inazimika ghafla wakati inaandika sevu, ndo yaliyonikuta mimi. Kwenye PS4 nenda kwenye Settings, ingia Application Saved Data Management, nakili sevu yako kwenye flashi. Fanya hivyo ukishapata medali pande zote mbili, na tena ukishaipata hirizi, dakika mbili tu. Kwenye banda mwombe mwenye banda akuruhusu, flashi yako mwenyewe, na siku nyingine ukikuta konsoli ile imekaliwa unaihamishia kwenye nyingine kwa akaunti ile ile unaendelea.

Ukifika Leyndell na ukampiga Godfrey wa dhahabu utapata nafasi ya nne. Hapo Ritual Sword ibaki, ya kutoka ni Soreseal kama bado ulikuwa nayo, na kama silaha yako ni ya aina inayomfanya adui avuje damu anza kuitafuta Lord of Blood's Exultation kule chini ya mji, kwenye makaburi ya Leyndell Catacombs kwa Esgar, inaongeza asilimia 20 kwa sekunde 20 kila adui akivuja damu karibu yako. Ile njia yake ina mitego ya kukuzungusha sehemu zile zile, ntaiandikia peke yake, binamu anaipita wiki hii na nimemwambia kila akipotea aniite niandike amepotelea wapi.